Padri Gregor Mendel na Mbegu za Njegere

Somo juu ya imani na elimu

Kuna watu wanaodhani ya kuwa elimu ya viumbe ni kazi ya wasiosali, na ya kuwa mwenye kutafuta sababu za mambo ya dunia amekwisha kumwacha Mungu. Wengine hudhani ya kuwa wenye elimu hawakosei kamwe wala hawataabiki. Mawazo hayo yote mawili si ya kweli. Elimu ni kazi ya wanadamu, waliopata njaa na ugonjwa, waliofaulu na walioshindwa. Mmoja wao alikuwa padri, na kazi yake aliifanya katika bustani.

1. Mtoto wa mkulima

Johann Mendel alizaliwa mwaka 1822 katika kijiji cha Heinzendorf, katika dola ya Austria; leo kijiji hicho kimo katika nchi ya Ucheki. Baba yake alikuwa mkulima. Mtoto alipenda shule, lakini wazazi hawakuwa na fedha ya kutosha, hata chakula chake shuleni kilikuwa nusu tu. Mwaka 1838 gogo la mti lilimwangukia baba yake, asiweze tena kulima kama zamani. Ndipo umbu lake mdogo, Theresia, alipomtolea sehemu ya mali aliyowekewa na wazazi kwa ajili ya ndoa yake, ili kaka yake aendelee na masomo. Mendel hakusahau wema huo. Miaka mingi baadaye aliwasaidia wana wa Theresia kusoma.

Mwaka 1843 aliingia monasteri ya Waagustino ya Mtakatifu Toma mjini Brno, akapewa jina la Gregor. Mwaka 1847 alipata Upadrisho. Lakini kila alipokwenda kuwahudumia wagonjwa, moyo wake uliumia mno kwa kuona mateso yao, hata naye akaugua. Abati wake akampa kazi ya kufundisha. Mwaka 1850 alifanya mtihani wa ualimu, akaanguka. Abati akamtuma kusoma katika chuo kikuu cha Vienna. Mwaka 1856 akaujaribu mtihani tena, wala hakufaulu. Basi mtu aliyekuja kuwafundisha walimu wa dunia nzima hakupata kamwe cheti cha ualimu.

2. Kazi ya bustani

Mwaka ule ule wa 1856 alianza kuchunguza njegere, ambazo ni ndugu za maharage. Kila mkulima ajua ya kuwa mtoto hufanana na wazazi, na mmea hufanana na mbegu yake. Lakini kwa njia gani? Mbona mara nyingine mtoto hafanani na baba wala mama, bali afanana na babu? Jambo hilo halikuwa wazi kwa mtu yeyote.

Mendel alichukua njegere za mbegu laini na njegere za mbegu zenye makunyanzi. Alifungua ua changa, akaondoa sehemu zake za kiume, akapaka humo unga wa ua la mmea mwingine, kisha akalifunga kwa mfuko mdogo, ili wadudu wasilete unga wa mimea mingine. Mbegu zilizozaliwa zilikuwa laini zote. Je, makunyanzi yamepotea? Mendel hakufanya haraka kujibu. Alizipanda mbegu hizo, akangoja mavuno, akahesabu moja moja: mbegu laini 5474, na zenye makunyanzi 1850. Makunyanzi yamerudi! Na kila mbegu nne, moja hivi ilikuwa nayo.

Kwa miaka minane alifanya hivyo na mimea ipatayo 28000. Akatambua ya kuwa kila mmea hupokea urithi mara mbili, sehemu moja kutoka kwa baba na sehemu moja kutoka kwa mama. Sehemu moja yaweza kufichwa na nyingine isionekane. Walakini haikufa, nayo yaweza kutokea kwa wajukuu.

3. Neno lisilosikiwa

Mwaka 1865 Mendel alieleza mambo hayo mbele ya wataalamu wa Brno, na mwaka 1866 yakapigwa chapa. Karibu hakuna aliyeyafahamu. Mwaka 1868 alichaguliwa kuwa abati, kazi za monasteri zikamwelemea. Alikufa tarehe 6 Januari 1884. Ni mwaka 1900 tu wataalamu wa nchi nyingine walipogundua sheria zile zile, wakakuta ya kuwa padri mmoja amekwisha kuziandika. Ndivyo ilivyo kwa mpanzi: mara nyingi avunaye ni mwingine.

4. Faida kwa jamaa zetu

Katika Kongo kuna ugonjwa wa damu uitwao selimundu, au drepanositozi. Chembe nyekundu za damu hujipinda kama mundu. Mtoto huumwa mifupa, huvimba mikono na miguu, macho huwa manjano, damu hupungua. Wazazi wazima hushangaa: Ugonjwa huu umetoka wapi? Ndipo baadhi ya watu hutafuta mlozi. Bibi mzee hushtakiwa, mke hufukuzwa, au mtoto mwenyewe huitwa mchawi.

Mwaka 1949 mganga James Neel alionyesha ya kuwa ugonjwa huo hufuata sheria ya njegere. Baba mzima aweza kuwa na sehemu iliyofichika, na mama vilevile. Wakiwa nayo wote wawili, kwa kila mimba kuna bahati moja katika nne ya mtoto kupata ugonjwa. Sehemu moja imetoka kwa baba, moja kwa mama. Hakuna aliyeroga, wala mke hana kosa kuliko mume. Mtoto apelekwe hospitalini upesi. Wachumba nao waweza kupimwa damu kabla ya ndoa, wapate kujua.

Katika Injili ya Yohane, sura ya 9, wanafunzi walimwuliza Yezu ni nani aliyetenda dhambi hata mtu yule akazaliwa kipofu. Bwana wetu alikataa kumtia hatiani kipofu au wazazi wake, kisha akamponya. Mkristo na afuate mfano huo: asitafute wa kushtaki, bali amsaidie mgonjwa.

Maswali ya kukumbuka

Je, elimu ya kweli yaweza kupingana na imani?
Haiwezi. Mtaguso wa Vatikano wa mwaka 1870 ulifundisha hivyo, kwa kuwa Mungu mmoja ndiye aliyetoa imani na akili.

Mendel aliijuaje kweli?
Kwa kutazama, kungoja na kuhesabu, bila kusema asilolijua.

Je, ni halali kumshtaki mtu kwa ulozi kwa sababu mtoto ni mgonjwa?
Si halali. Kumsingizia mwenzako ni dhambi, na mgonjwa hukosa dawa.