SOMO: JIRANI ALIPOGEUKA KUKU



Lengo la somo: kutambua jinsi njaa inavyobadili macho yetu juu ya jirani, na kujua la kufanya mapema, kabla mkono haujainuka.

Wazee wetu husema kwamba mwenye njaa hana miiko. Safari hii tutajifunza neno hilo kwa njia ya kichekesho. Kinatoka katika filamu ya Charlie Chaplin, yule ambaye wengi kwetu wanamwita Charlot. Filamu inaitwa The Gold Rush, kwa Kifaransa La Ruée vers l'or, nayo ilitoka mwaka 1925. Watu hawasikiki wakisema ndani yake. Yote yanaelezwa kwa vitendo na kwa maandishi machache. Kwa hiyo hata mtoto anaielewa.

Kisa chenyewe

Mwaka 1896 dhahabu iligunduliwa Klondike, kaskazini ya Kanada. Watu wapatao 100,000 walianza safari ya kwenda huko, na wengi hawakufika. Filamu inatuonyesha watu watatu wa aina hiyo, ambao dhoruba ya theluji imewafungia katika kibanda kimoja. Wa kwanza ni Charlot, mtu mdogo na maskini. Wa pili ni Big Jim, mtu mkubwa mwenye nguvu. Wa tatu ni Black Larsen, mhalifu anayetafutwa na serikali.

Chakula kinakwisha. Wanachagua kwa karata nani atoke kwenda kutafuta msaada, na karata inamwangukia Larsen. Huko nje Larsen anapata chakula, lakini harudi. Wenzake wanabaki wanangoja.

Siku ya sikukuu Charlot anachemsha kiatu chake kimoja. Anakiweka mezani kwa heshima, anakikata na kugawa. Big Jim anabadilisha sahani ili apate ngozi ya juu, na Charlot anabaki na soli. Hanung'uniki. Anafyonza misumari kana kwamba ni mifupa ya kuku, na anakula kamba za kiatu kana kwamba ni tambi. (Kiatu hicho kilitengenezwa kwa peremende nyeusi ili waigizaji waweze kukila.)

Lakini kiatu hakishibishi. Kisha Big Jim anamtazama mwenzake, na mbele ya macho yake Charlot anageuka kuku, mkubwa kama mtu! Ni Chaplin mwenyewe aliyevaa manyoya ya kuku na kutembea hivyo. Jim anapangusa macho, kuku anakuwa mtu tena. Anamweleza Charlot aliyoyaona, na wote wawili wanacheka. Baadaye kuku anarudi. Jim anachukua bunduki na kumfukuza hadi nje. Akili inapomrudia anaomba msamaha. Charlot anakubali, lakini anaichukua bunduki na kuifukia katika theluji.

Hata hivyo hatari haijaisha. Inafika saa ambapo Jim anajua vizuri kwamba huyu ni mtu, si kuku, na bado anataka kumla. Wakiwa katika kushindana, dubu anaingia kibandani. Charlot anampiga risasi, na mara moja anaanza kuandaa meza. Baada ya kushiba, wawili hao wanaagana kama rafiki. Mwishoni mwa filamu wanagawana mali ya dhahabu.

Tunacheka, lakini Chaplin alitoa kisa hiki katika habari ya kweli. Alikuwa amesoma juu ya msafara wa Donner huko Marekani, uliokwama katika theluji ya milima mwaka 1846. Watu wale walikula ngozi, na baadhi yao walifikia kula miili ya wenzao waliokufa. Chaplin mwenyewe alikuwa ameonja umaskini mkubwa alipokuwa mtoto London.

Tunajifunza nini?

Kwanza, Charlot hakubadilika. Aliyegawa kiatu chake jana ndiye yule yule wa leo. Kilichobadilika ni macho ya Jim. Siku za mgao, jetoni zinapochelewa, nasi tunasikia: "Wale wa upande ule ndio wanaotumaliza." Tujiulize: je, jirani amebadilika, au ni njaa inayotazama kwa macho yetu?

Pili, Jim alikuwa na njaa ya kweli. Wako watu walioshiba wanaotufundisha kuwaona wenzetu kama wanyama. Mwaka 1994 nchini Rwanda redio RTLM iliwaita Watutsi mende, na mauaji ya kimbari yalisaidiwa na maneno hayo. Hapo hakuna kichekesho. Mtu akimwita jirani yako jina la mnyama au la mdudu, mzuie pale pale.

Tatu, Jim alisema alichokiona, na kicheko kiliwapatia muda. Kuzungumza ni kwema. Lakini Charlot hakutegemea maneno peke yake: alisamehe, na pia akaficha bunduki. Msamaha haukatazi kuondoa silaha karibu na mwenye hasira.

Nne, mapatano bila chakula hayakudumu. Sisi tunaofanya kazi ya amani tukubali jambo hili. Tukiwaita watu wenye njaa kwenye semina ya upatanisho, halafu tukawaacha walale njaa, tumefanya nusu ya kazi.

Tano, na hili ni kwa viongozi hasa: wale wawili walipokuwa wakikimbizana, hawakuwa na Larsen mbele yao. Yeye ndiye aliyetumwa kutafuta chakula, akakipata, akawaacha. Wenye njaa hugombana na aliye karibu, huku aliyeshika chakula yuko mbali. Kiongozi aliyepewa orodha ya kambi amepewa karata ile ile. Asome orodha mbele ya wote, aseme kilichofika na kisichofika, arudi hata kama mikono ni mitupu. Akirudi mikono mitupu, watu watasikitika. Asiporudi kabisa, watatafutana wao kwa wao.

Maswali ya kujadili katika vikundi

1. Ni lini tulimwona jirani kuwa adui kwa sababu ya njaa au woga? Tuseme bila kutaja jina la mtu.
2. Katika kambi yetu au kijiji chetu, ni majina gani ya dharau tunayopaswa kuacha?
3. "Bunduki" gani tunaweza kuifukia leo: panga, pombe, au uvumi?
4. Mgao ukichelewa, nani atatueleza ukweli, na siku gani?

Tunawashauri kila kikundi kichague jibu moja la swali la nne na kulitekeleza kabla ya mgao unaokuja. Amani iwe nanyi.