Serikali Inapolipa Sehemu ya Riba

Katika somo la Biashara nimeulizwa mara nyingi: "Mwalimu, serikali ikimlipia mfanyabiashara riba, ni nani hasa aliyelipa?" Swali ni zuri, na jibu lake lataka hesabu kidogo. Nitalieleza kwa mfano wa India, ambako mpango wa namna hiyo ulianza Aprili 2015 ukakoma tarehe 31 Desemba 2024.

Kwanza tutazame shida yenyewe. Mjini Tiruppur, kusini mwa India, viko viwanda vingi vya fulana za pamba zinazouzwa ng'ambo. Mwenye kiwanda akipata agizo, hana budi kununua uzi na rangi na kuwalipa mafundi, hali fedha za mnunuzi hazijafika. Shehena yaweza kukaa baharini majuma kadhaa, na mnunuzi naye huomba muda wa kulipa. Kwa hiyo mwenye kiwanda hukopa benki, ama kabla ya kupakia mali, ama baada yake. Kila siku anayongoja, riba yaongezeka. Mshindani wake katika nchi yenye riba ndogo hana mzigo huo.

Sasa tupige hesabu. Tuseme amekopa rupia 1,000,000 kwa miezi 6, riba asilimia 10 kwa mwaka. Riba ya mwaka ni rupia 100,000; ya miezi 6 ni 50,000. Serikali ikibeba asilimia 3 katika zile 10, yatoa 15,000, na mkopaji hulipa 35,000. Benki humtoza riba iliyokwisha kupunguzwa, kisha hudai 15,000 zake kwa njia ya Benki Kuu. Angalieni: benki haikupoteza kitu, na mkopo wenyewe lazima urudishwe wote.

Asilimia hiyo ilibadilika. Mwaka 2015 ilikuwa 3. Novemba 2018 viwanda vidogo na vya kati vilipandishiwa hadi 5. Oktoba 2021 vikarudishwa kwenye 3, na wengine waliostahili wakapata 2.

Basi ni nani aliyelipa? Ni Hazina, na Hazina hujazwa na kodi za watu wote, hata yule asiyeuza kitu ng'ambo. Wanaoutetea mpango husema kuwa mauzo ya nje huleta fedha za kigeni na kazi. Wanaoupinga husema kuwa muuzaji huzoea kubebwa, na kwamba fedha hizo zingeweza kutengeneza bandari na barabara. Tena Shirika la Biashara Duniani, lililoanza mwaka 1995, hukataza ruzuku zinazotolewa kwa sharti la kuuza nje, ila nchi maskini kabisa huachiwa.

Kwa maoni yangu, msaada huu wamfaa mdogo, mradi asijenge nyumba yake juu yake. Ikiwa faida ya yule mwenye fulana ilikuwa rupia 40,000, siku msaada ulipokoma ilibaki 25,000. Asiyejiandaa huanza kupunguza mafundi.

Zoezi: Mtu amekopa rupia 2,400,000 kwa miezi 4, riba asilimia 9 kwa mwaka, na serikali yabeba 3. Kila mmoja atalipa kiasi gani? Wazazi nao wanakaribishwa kujaribu. Kisha jadilianeni nyumbani: kama kodi ni yenu, mngekubali?