MADA YA 9: KUHAMISHA FOLDA ZA CHAGUO-MSINGI ZA AUTOCAD KATIKA KOMPYUTA NYINGI

Malengo ya mada

Baada ya kusoma mada hii, mtahiniwa aweze:
(a) kueleza maana ya folda ya chaguo-msingi;
(b) kutofautisha kubadili njia na kuhamisha mafaili;
(c) kutaja kwa mpangilio hatua za kuhamisha folda hizo katika maabara yenye kompyuta nyingi za Windows;
(d) kubaini makosa yanayotokea mara kwa mara.

Utangulizi

Nilipoanza kufundisha, mwanafunzi wangu mmoja alichora ramani ya nyumba kwa majuma matatu, akikaa kila siku kwenye kompyuta namba 4. Alihifadhi kazi yake pale programu ilipompeleka, yaani ndani ya diski C. Mwisho wa muhula Windows ya kompyuta ile ilisimikwa upya, diski C ikafutwa, na ramani ikapotea. Mwanafunzi huyo hakuwa mzembe, maana alihifadhi kila siku. Tatizo ni kwamba yeye na mimi mwalimu wake hatukuwa tumejiuliza mchoro unahifadhiwa wapi. Swali hilo ndilo kiini cha mada hii.

Maana ya folda ya chaguo-msingi

Ni folda ambayo programu huitumia yenyewe pale mtumiaji asipotaja folda nyingine. AutoCAD ina folda kadhaa za namna hii. Tatu zifuatazo ni muhimu zaidi kwa mwanafunzi:

1. Folda ya violezo. Hutunza mafaili yanayoishia na .dwt, yenye vipimo, matabaka na fremu ya karatasi vilivyokwisha kuandaliwa. Kwa kawaida imo ndani ya AppData, folda ambayo Windows huificha.
2. Folda ya hifadhi ya kiotomatiki. Hupokea nakala ambazo programu huzihifadhi yenyewe kila baada ya muda fulani. Nakala hizo huishia na .sv$. Kwa kawaida huwekwa katika folda ya mafaili ya muda ya mtumiaji.
3. Folda ya michoro. Ndiyo inayofunguka unapohifadhi mchoro. Michoro yenyewe huishia na .dwg.

Kwa nini zihamishwe?

- Diski C ikifutwa, kazi za wanafunzi zibaki salama.
- Wanafunzi wote watumie kiolezo kimoja, si kila kompyuta na chake.
- Mwanafunzi aweze kuendelea na kazi yake kwenye kompyuta yoyote iliyo wazi.

Kanuni ya kukumbuka

Kubadili njia si kuhamisha mafaili. Ukibadili njia ndani ya AutoCAD, unaiambia programu itafute mahali papya, lakini mafaili hubaki yalipokuwa. Kwa hiyo mpangilio sahihi ni huu: nakili, badili, jaribu. Mafaili ya zamani yasifutwe kabla ya kujaribu.

Mfano: maabara yenye kompyuta kumi na seva moja

Tuchukulie seva inaitwa SEVA. Folda zitakuwa hivi:

- Violezo: \\SEVA\Violezo
- Michoro: \\SEVA\Michoro, na ndani yake kila mwanafunzi ana folda yenye jina lake
- Hifadhi ya kiotomatiki: D:\Akiba, katika kila kompyuta

Angalia kwamba hifadhi ya kiotomatiki haikupelekwa kwenye seva. Mtandao ukikatika, bado kila kompyuta iweze kuhifadhi nakala yake ya dharura.

A: Kuandaa kompyuta ya kwanza

Hatua ya 1: Tengeneza folda za Violezo na Michoro kwenye seva na uzishirikishe. Wanafunzi wapewe ruhusa ya kusoma tu katika Violezo, na ruhusa ya kusoma na kuandika katika Michoro.

Hatua ya 2: Tengeneza folda D:\Akiba katika kila kompyuta.

Hatua ya 3: Nakili mafaili ya .dwt kutoka folda ya zamani na uyabandike katika \\SEVA\Violezo.

Hatua ya 4: Fungua AutoCAD, andika amri OPTIONS, kisha bonyeza Enter. Chagua kichupo cha "Files".

Hatua ya 5: Fungua "Template Settings", kisha "Drawing Template File Location". Badili njia iwe \\SEVA\Violezo.

Hatua ya 6: Fungua "Automatic Save File Location". Badili njia iwe D:\Akiba. Bofya "Apply".

Hatua ya 7: Nenda kichupo cha "Profiles". Bofya "Export" na uhifadhi wasifu kwenye seva. Faili hilo litaishia na .arg.

B: Kusambaza kwenye kompyuta nyingine tisa

Hatua ya 8: Katika kila kompyuta, fungua OPTIONS, kichupo cha "Profiles", bofya "Import" na uchague lile faili la .arg. Kisha bofya "Set Current" ili wasifu huo uanze kutumika. Tumia toleo lilelile la AutoCAD katika kompyuta zote.

Hatua ya 9: Andika amri REMEMBERFOLDERS na uipe thamani 0. Kisha fungua sifa za alama ya AutoCAD iliyo kwenye eneokazi, na katika sehemu ya "Start in" andika \\SEVA\Michoro. Alama hiyo haimo ndani ya faili la .arg, kwa hiyo hatua hii hurudiwa katika kila kompyuta, pamoja na ile ya kwanza.

Hatua ya 10: Jaribu. Fungua mchoro mpya kwa kutumia kiolezo, uhifadhi, kisha uufungue kwenye kompyuta nyingine.

Makosa ya kawaida

| Kosa | Matokeo | Marekebisho |
|---|---|---|
| Kubadili njia bila kunakili mafaili | Orodha ya violezo huwa tupu | Nakili .dwt kwanza |
| Kutumia herufi ya diski kama Z: badala ya jina la seva | Kompyuta isiyo na Z: haioni folda | Andika \\SEVA\Violezo |
| Kuingiza wasifu katika akaunti moja tu | Mtumiaji wa akaunti nyingine anarudi kwenye diski C | Rudia kwa kila akaunti ya Windows |
| Kusahau "Set Current" | Wasifu upo lakini hautumiki | Rudi hatua ya 8 |

Zingatia: Folda ya seva si nakala ya akiba. Diski ya seva nayo huharibika. Nakili michoro kwenye diski ya nje angalau mara moja kwa juma.

Maswali ya kujipima

1. Eleza tofauti kati ya kubadili njia na kuhamisha mafaili. (alama 2)
2. Kompyuta tisa zinaona violezo, ya kumi haioni. Zote zina wasifu mmoja wenye njia Z:\Violezo. Eleza chanzo na suluhisho. (alama 4)
3. Umeme umekatika kabla Asha hajahifadhi. Katika D:\Akiba kuna faili la mchoro wake linaloishia na .sv$. Afanye nini? (alama 3)

Dondoo za majibu

1. Kubadili njia ni kuielekeza programu mahali papya. Kuhamisha mafaili ni kuyaweka mafaili yenyewe mahali hapo.
2. Chanzo: herufi Z: haijaunganishwa na seva katika kompyuta ya kumi. Suluhisho: badili njia iwe \\SEVA\Violezo, kisha toa na kuingiza wasifu upya. Ukijibu tu "unganisha Z:" utapata sehemu ya alama, kwa sababu tatizo litarudi kompyuta mpya ikiongezwa.
3. Anakili faili hilo, abadili mwisho wa jina la nakala kutoka .sv$ kuwa .dwg, aifungue katika AutoCAD, kisha aihifadhi katika folda yake ndani ya \\SEVA\Michoro.

Kabla hujafunga kitabu, fungua kazi yako ya mwisho na uangalie imehifadhiwa wapi. Ukikuta njia inaanza na C:, inakili mahali salama leo.