Muziki Umegoma Nyumbani? Usikimbilie Kulipia Intaneti Tena

Stima ikipotea Timau kisha irudi usiku, kuna simu zitakazokataa kucheza nyimbo zilizo kwenye kompyuta ya sebuleni. Wengi hudhani intaneti imeisha, wanalipia tena papo hapo. Ngoja kidogo.

Nyimbo zikiwa kwenye kompyuta yako mwenyewe (hiyo ndiyo seva), zinatoka hapo hadi kwenye ruta, kisha kwa simu. Hazitoki nje ya nyumba. Hata intaneti ikikatwa zinaweza kucheza, kwa hivyo kulipa hakutarekebisha kitu.

Angalia kwanza kama simu imerudi kwenye Wi-Fi au bado iko kwenye bando. Halafu kuna hili linalosumbua zaidi: ruta ikizimika na kuwaka, inaweza kuipa kompyuta anwani mpya. Jana ilikuwa 192.168.1.5, leo ni 192.168.1.8, na programu ya simu bado inabisha mlango wa zamani. Soma anwani mpya kwenye kompyuta, uiandike kwenye programu. Na kama uko kwenye Wi-Fi ya wageni, toka. Mara nyingi haikuruhusu kufikia kompyuta za ndani.

Je, WhatsApp pia imegoma kwenye Wi-Fi? Hapo sasa huenda ni intaneti. Tafuta SMS ya malipo ya mwisho, ulinganishe tarehe na nambari ya akaunti kabla ya kutuma shilingi nyingine. Ukikosea tarakimu moja, pesa inaweza kuingia kwa akaunti ya jirani. Wapigie wanaokuuzia intaneti, uwape nambari ya muamala. PIN yako hawaihitaji.