Picha ya sahihi yako si sahihi ya kielektroniki: namna ya kuweka kadi na programu ya kusaini kwenye kompyuta ya biashara

Somo la leo ni refu kidogo, kwa hiyo lisome ukiwa umetulia, siyo huku unahudumia mteja.

Wengi wetu tunasaini hivi: unachukua karatasi nyeupe, unasaini kwa kalamu ya bluu, unapiga picha kwa simu, unafuta ule weupe wa nyuma, basi. Kuanzia hapo kila profoma, kila mkataba na kila risiti unabandika picha hiyohiyo. Mhuri nao vilevile. Unageuza kuwa PDF, unatuma WhatsApp, mteja anaridhika, kazi inaenda.

Shida ni kwamba kila mtu uliyemtumia ile PDF sasa ana sahihi yako na mhuri wako mkononi. Anaweza kuikata na kuibandika kwenye barua nyingine inayosema umepokea milioni tatu, na ukiziweka mbili hizo pamoja huoni tofauti, maana hakuna tofauti. Ni picha ileile.

Sasa geuza upande wa pili, ambao ndio unatuumiza zaidi. Tuseme unauza wino wa printa na vifaa vya ofisi. Jumatano inaingia LPO ya kampuni kubwa kwenye barua pepe: katriji 20, malipo ndani ya siku 30, nembo ipo, mhuri upo, sahihi ya mkuu wa manunuzi ipo. Dereva anakuja kubeba mzigo. Siku 30 zinafika, unapiga simu kwenye kampuni yenyewe, wanakwambia hiyo LPO hawaijui. Nembo ilichukuliwa kwenye tovuti yao, sahihi ilikatwa kwenye barua yao ya zamani. Mtaji umekwenda, na dereva hapatikani kwenye simu.

Sahihi ya kielektroniki ya kweli imetengenezwa kwa ajili ya matatizo haya mawili. Hapa Tanzania Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inaitambua, na sheria inataja sifa zake: iwe ya mtu mmoja tu, iweze kumtambulisha, iwe chini ya udhibiti wake peke yake, na iungane na waraka kiasi kwamba waraka ukibadilishwa sahihi inakufa. Ndugu zetu wa Kenya nao walifanya marekebisho ya sheria za biashara mwaka 2020 yaliyogusa jambo hilihili. Soma tena zile sifa nne halafu fikiria ile picha yako ya kalamu ya bluu. (Hati za nyumba na viwanja usizijaribu kwa njia hii kabla ya kumuona mwanasheria.)

INAFANYAJE KAZI

Kuna kadi yenye chipu, kama kadi ya benki, au kuna tokeni, ambayo ukiiona utadhani ni flashi. Tokeni ni kadi na kifaa cha kusomea vikiwa kitu kimoja. Ndani ya chipu kuna ufunguo wa siri. Ufunguo huo umeundwa usitoke: huwezi kuukopi, huwezi kuutuma, hata fundi hawezi kukutolea. Ukisaini waraka, kompyuta inapiga hesabu ndefu juu ya waraka mzima na kupata namba moja ya kipekee, inaipeleka kwenye chipu, chipu inakuuliza namba ya siri, yaani PIN, kisha inaigonga muhuri wake ndani kwa ndani na kurudisha jibu. Mtu akibadilisha sifuri moja kwenye bei, ile hesabu haitoki sawa tena na programu inapiga kelele.

Pamoja na ufunguo kuna cheti. Cheti ndicho kinachosema ufunguo huu ni wa fulani. Kinatolewa na taasisi iliyokagua kitambulisho chako, na kina tarehe ya kuisha.

Wapo wanaouza cheti kama faili, bila kadi. Ni rahisi zaidi, lakini faili linakopiwa. Kompyuta ya duka letu tunaitumia watatu na wakati mwingine anakaa mdogo wangu kufanya kazi za shule. Kwenye mazingira kama hayo mimi faili silikubali hata kwa bei ya bure.

KABLA HUJALIPIA

Kwanza jiulize kama unahitaji. Unauza magauni Instagram, mteja analipa ndipo unatuma? Huhitaji, hela yako inunue mzigo. Lakini kama unasambaza maofisini, unaagiza nje na kusaini mikataba na watu usiowahi kuwaona, au unaingia kwenye zabuni, hapo ndipo kadi ina maana. Na kwa zabuni soma masharti ya mfumo husika kwanza, maana mifumo mingine ina njia yake yenyewe ya kusaini na kadi yako ya nje haiitambui kabisa.

Ukishaamua, muulize mtoaji maswali haya kabla ya kutuma hela: ufunguo unakaa kwenye chipu au kwenye faili? Cheti chako kinatambulika moja kwa moja na Acrobat Reader? Kuhuisha kikiisha ni shilingi ngapi? Nikipoteza kadi saa mbili usiku Jumamosi, nampigia nani akifunge? Akibabaika kwenye hilo la mwisho, tafuta mwingine.

KUWEKA KWENYE KOMPYUTA

Anza na saa. Utacheka, ila kompyuta nyingi tunazonunua ni mtumba, betri ndogo ya ndani imechoka, ukizima umeme tarehe inarudi miaka ya nyuma. Kompyuta inayodhani leo ni 2009 itakwambia cheti chako hakijaanza kutumika, na utahangaika siku nzima ukidhani kadi ni mbovu. Badilisha betri, weka tarehe sahihi.

Pili, Windows yenyewe. Kama ni ile ya kuchakachuliwa uliyowekewa na fundi pamoja na programu za kuvunja leseni, usiweke kadi hapo. Programu za namna hiyo mara nyingi huja na wadudu, na kuna wadudu kazi yao ni kunakili kila unachobonyeza, ikiwemo PIN. Chipu haiibiki, lakini mdudu mwenye PIN yako, huku kadi imechomekwa, anaweza kuiomba chipu isaini na chipu itasaini. Chipu haina namna ya kujua kama aliyeomba ni wewe.

Tatu, programu ya kadi. Hapa ndipo wengi wanakwama. Unachomeka tokeni, taa inawaka, Windows inasema kifaa kiko tayari, lakini ukienda kusaini jina lako halionekani. Kifaa cha kusomea kadi Windows 10 na 11 kwa kawaida hukitambua bila shida. Ila chipu iliyomo ndani ina lugha yake, na inahitaji mkalimani, ambaye ni programu ya mtengenezaji wa kadi. Ichukue kwenye tovuti ya aliyekuuzia cheti au ya mtengenezaji, siyo kwenye linki ya kundi la WhatsApp. Iweke kwanza, zima na kuwasha kompyuta, ndipo uchomeke tokeni. Fungua hiyo programu uone cheti: jina lako limeandikwa sawa na kwenye kitambulisho? Tarehe ya kuisha ni lini? Ikiandike kwenye kalenda ya simu mwezi mmoja kabla.

Wenye Mac, ulizeni kama programu hiyo ipo kwa Mac kabla ya kulipa, siyo baada.

Nne, badilisha PIN uliyopewa. Usiweke mwaka wa kuzaliwa wala namba za mwisho za simu ya duka. Ukikosea PIN mara chache mfululizo kadi inajifunga, na kuifungua unahitaji namba nyingine ndefu inayoitwa PUK. PUK iandike kwenye karatasi ikae nyumbani, mbali na kadi.

Tano, weka Acrobat Reader ya kompyuta, ni ya bure. Usitegemee kufungulia PDF kwenye Chrome. Ndani yake kuna vitu viwili vinavyofanana: kuna "Fill & Sign", hicho ni cha kuchora au kubandika picha, tumerudi kulekule kwenye kalamu ya bluu. Unachotaka ni kifaa cha kusaini kwa cheti. Ukikifungua kitakwambia uchore kiboksi pale sahihi itakapokaa, kitakuonyesha majina ya vyeti vilivyopo, unachagua lako, unaweka PIN, unahifadhi faili jipya. Jaribu kwanza na waraka usio na maana yoyote.

Mambo ya kukumbuka ukisaini: maliza kila kitu kwanza, bei, tarehe, namba ya akaunti, ndipo usaini. Geuza kuwa PDF moja kwa moja kutoka Word, siyo kuprinti na kuskani. Ukishasaini usiguse, usipunguze ukubwa wa faili, usiliunganishe na lingine, maana sahihi itavunjika. WhatsApp tuma kama dokumenti, siyo picha. Na mteja akiprinti, anachoshika ni karatasi tu, ushahidi uko kwenye faili. Mwambie alitunze.

KUKAGUA WARAKA ULIOTUMIWA

Sehemu hii ni ya kila mtu, hata asiyenunua kadi. Ukipokea LPO au mkataba unaodaiwa kusainiwa kielektroniki, ufungue kwenye Acrobat Reader ya kompyuta. Ukiona chora la sahihi tu bila taarifa yoyote ya sahihi juu ya ukurasa, hiyo ni picha. Haimaanishi ni utapeli, maofisi mengi bado yanabandika picha, ila haikuthibitishii kitu. Ipime kama karatasi ya kawaida.

Kama kuna taarifa, fungua upande wa sahihi uisome. Alama nyekundu: sahihi si halali, usitoe mzigo. Alama ya kijani: waraka haujabadilishwa tangu usainiwe na mtoa cheti anatambulika. Bado soma jina! Kijani kinasema aliyesaini ndiye mwenye cheti, hakisemi kwamba ndiye mkuu wa manunuzi wa kampuni hiyo.

Njano ndiyo ya kuangalia kwa makini. Mara nyingi maana yake ni kwamba Acrobat haimjui mtoa cheti. Anaweza kuwa mtoaji halali ambaye hayumo kwenye orodha yao. Lakini pia mtu yeyote anaweza kujitengenezea cheti chake mwenyewe, akaandika jina la kampuni yoyote anayoitaka, kwa dakika tano bila kukaguliwa na mtu. Akikutumia na maelekezo kwamba "bonyeza hapa kukiamini ili kiwe kijani", usibonyeze. Tafuta namba ya kampuni wewe mwenyewe, siyo ile iliyoandikwa kwenye LPO, upige na uombe kusomewa namba ya oda.

NANI ANASHIKA KADI

Kuna nchi ambayo mambo haya wameyafanya kwa taifa zima. Estonia wanatoa vitambulisho vya chipu tangu 2002, na kila kadi ina PIN mbili tofauti: moja ya kuingia kwenye mifumo, nyingine, ndefu zaidi, ya kusaini tu. Yaani kufungua mlango na kuuza nyumba havitumii ufunguo mmoja. Hata wao yaliwakuta. Mwaka 2017 watafiti waligundua udhaifu kwenye chipu, na Novemba serikali ikasimamisha vyeti vya kadi kama 760,000. Wenye kadi waliweza kuweka vyeti vipya wakiwa nyumbani kupitia programu yao ya kadi. Kwa hiyo ukiona programu ya kadi yako inaomba kusasishwa, usiiahirishe.

Kwetu sisi hatari kubwa iko karibu zaidi. Umesafiri kwenda kufuata mzigo, mteja anataka mkataba leo, unampigia dada wa dukani: "Kadi iko kwenye droo, PIN ni hii." Kuanzia dakika hiyo sahihi haiko tena chini ya udhibiti wako peke yako, na chochote kitakachosainiwa kitasema ni wewe. Siyo kwamba dada ni mwizi. Ni kwamba siku mkigombana, au PIN ikibaki kwenye meseji zake na simu ikaibiwa, huna namna rahisi ya kuthibitisha ipi ulisaini na ipi hukusaini. Kama mfanyakazi anatakiwa kusaini, achukuliwe cheti chake kwa jina lake, na umwandikie barua inayosema anaruhusiwa kusaini nini na mwisho shilingi ngapi.

Kadi ichomoe ukimaliza kusaini, hata kama una nyaraka nyingine baada ya chakula. Steshenari usichomeke kabisa, hata iwe ya rafiki yako. Na ikipotea usianze kwa kuitafuta chini ya kiti cha bajaji: piga kwanza kwa mtoaji aifunge, andika saa uliyopiga na jina la aliyepokea, ndipo uendelee kuitafuta. Ikionekana baadaye utaomba cheti kingine.

Atakayekwama kwenye ile hatua ya tatu aandike hapa chini Windows yake ni ipi na jina lililoandikwa nyuma ya tokeni. PIN usiandike.