Kidonda cha Mdomoni Si Malaria, Wala Si Aibu

Winta yangu ya kwanza hapa Arlington niliamka asubuhi moja mdomo wa chini ukichonyota. Kesho yake vikatoka vilengelenge, vimejaa maji. Mwenzangu wa chumbani, dada kutoka Kisumu, akasema, "Dada, hiyo ni homa imetokea mdomoni. Una malaria wewe!" Nikameza dawa za malaria nilizobeba kutoka nyumbani, wakati sina homa na nje ni theluji tupu. Siku tatu sikwenda darasani, nikiogopa watu watasema nina ukimwi.

Jamani, nilikosea. Ugonjwa huu huletwa na virusi vya herpesi, aina ya kwanza. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu bilioni 3.8 walio chini ya miaka 50 wanavyo. Wengi huambukizwa utotoni, pengine kwa busu tu la shangazi. Virusi havitoki tena, hujificha kwenye mishipa ya fahamu. Huamka ukipata homa yoyote, jua kali, baridi au msongo wa mitihani. Ndiyo maana nyumbani malaria ikipanda, kidonda nacho hutokea. Lakini kidonda si kipimo cha malaria. Kama umerudi safari karibuni na una homa, kapime damu haraka.

Je, tiba? Dawa ya kuving'oa kabisa haipo. Kidonda hupona chenyewe kwa wiki moja hadi mbili. Ila ukisikia mchonyoto tu, usingoje: famasi za hapa zinauza krimu ya dokosanoli bila cheti cha daktari. Vidonge vya valasikloviri vina nguvu zaidi, lakini hivyo lazima daktari akuandikie. Barafu ndani ya kitambaa hupunguza maumivu.

Kidonda kikiwepo, usibusu mtu, usichangie kikombe wala mafuta ya mdomo, na nawa mikono. Mapenzi ya mdomo pia acha, maana virusi hivi hufika sehemu za siri. Mtoto mchanga usimbusu kabisa, vinaweza kumuua. Jicho likiuma, au kidonda kikipita wiki mbili, nenda kliniki.

Siku hizi kikitoka napaka krimu, naenda darasani. Tukikutana kituo cha Ballston na mdomo umenivimba, usinikwepe. Nipungie mkono tu, inatosha.