Kupanga nyumba kijijini: kodi iwe namba ya mwisho

Mimi na mume wangu tunataka kuhama Dar es Salaam, tukapange huko Pwani, kati ya Kisarawe na Mlandizi. Tumepata nyumba ya vyumba viwili, sebule na choo cha ndani kwa shilingi 60,000 kwa mwezi. Mjini tunalipa 150,000. Kuna cha kujiuliza hapo?

Kipo, tena kikubwa. Kodi ya mjini imebeba vitu ambavyo mpangaji havioni tena: bomba la uani, daladala mwisho wa mtaa, duka la dawa hatua chache kutoka mlangoni. Kijijini kila kimoja hulipiwa kivyake, leo mia tatu, kesho elfu mbili, na kwa kuwa haviandikwi popote, nyumba huonekana ya bei ya kutupa. Tupige hesabu ya mfano. Tuseme bomba la nyumba hiyo halitoi maji na ndoo ya lita 20 inaletwa na bodaboda kwa shilingi 300. Watu wawili wakijibana hutumia ndoo sita kwa siku, yaani 54,000 kwa mwezi, na hapo choo cha kuvuta hakijapewa haki yake. Mmoja wenu akipanda boda kila siku ya kazi kwenda barabara kuu, 2,000 kwenda na 2,000 kurudi, siku 26 ni 104,000. Ongezeni kodi: 218,000, kabla ya nauli ya basi. Wekeni bei za kijiji chenu badala ya hizi. Kinachofaa ni mpangilio wa hesabu: maji kwanza, njia ya pili, kodi mwisho.

Mtaniambia treni imebadilisha mambo. Ni kweli kwamba treni ya SGR, iliyoanza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro mwaka 2024, ina kituo Soga, huko huko Pwani. Lakini kuwa na kituo jirani kwenye ramani hakumwondoi bodaboda katikati. Pimeni kutoka mlangoni hadi kituoni kwa njia inayopitika wakati wa masika, Machi hadi Mei, kwa sababu njia ya kiangazi huwadanganya wengi.

Maji tutayapimaje kwa siku moja ya kutazama nyumba?

Kufungua bomba hakutoshi, maana linaweza kutoka siku hiyo tu. Pandeni mkachungulie simtanki: likiwa kavu, lina vumbi na utando wa buibui, mmeshajibiwa. Kama kuna kisima, nawieni maji yake kwa sabuni ya kipande. Sehemu nyingi za Pwani maji ya ardhini yana chumvi, na sabuni ikikataa kutoa povu, jueni maji ya kunywa na ya kufulia mtayanunua. Kisha waacheni mwenye nyumba na dalali, mkamtafute fundi wa mradi wa maji. Tangu RUWASA, wakala wa maji vijijini, ianzishwe mwaka 2019, miradi mingi ya vijijini huendeshwa na vyombo vya watumiaji maji vya wanakijiji wenyewe, na fundi wao anajua maji hutoka siku zipi na pampu imeharibika mara ngapi. Walimu wa shule ya kijiji nao ni mashahidi wazuri, kwani wengi wao ni wapangaji kama nyinyi.

Umeme ni suala fupi zaidi: ulizeni kama mita ya LUKU ni yenu peke yenu. Mteja wa matumizi madogo hununua uniti 75 za kwanza za mwezi kwa bei nafuu sana kuliko zinazofuata, kwa hiyo kaya tatu kwenye mita moja huikimbiza bei juu hata kama kila moja inatumia kidogo. Na kodi ya jengo inayokatwa kupitia LUKU tangu mwaka 2021 ni deni la mwenye nyumba. Kubalianeni mapema atairudishaje.

Mwenye nyumba anataka miezi sita mkupuo. Tukianza kudai mitatu na kuuliza maswali yote hayo, si atampa mwingine?

Mjini hofu hiyo ina msingi, kwa kuwa nyuma yenu wapo watu watano. Kijijini wapangaji wa nyumba ya kodi ni wachache: mwalimu, muuguzi, bwana shamba, nao huja kwa kupangiwa vituo. Nyumba iliyofungwa huliwa na mchwa, na mwenyewe anajua. Kwa hiyo mna nguvu ya kujadiliana kuliko mnavyodhani, nanyi mnaihitaji, maana sheria iliyodhibiti kodi za nyumba, ya mwaka 1984, ilifutwa mwaka 2005. Ulinzi wenu uko kwenye mkataba. Ombeni miezi mitatu ya kwanza, mkijua kuwa katika muda huo mtakuwa mmeona maji na njia vilivyo. Akikataa katakata, lipeni sita ikiwa tu mkataba unasema pesa iliyobaki inarudi bomba likikauka kwa muda mtakaokubaliana. Majina yenu yote mawili yaandikwe, na mwenyekiti wa kitongoji ashuhudie. Yeye ndiye anayejua kama nyumba ni ya huyo anayeikodisha au ni ya ndugu wanaogombania mirathi.

Na uwanja? Tulitaka kulima kidogo, tupunguze gharama ya chakula.

Bustani inasaidia, ila msiitie kwenye hesabu ya kodi kabla ya kujua maji yanatoka wapi; mchicha unaomwagiliwa kwa ndoo ya mia tatu ni ghali kuliko wa sokoni. Mahindi na kunde za msimu hazina mgogoro. Migomba, mipapai na minazi ni habari nyingine, maana kupanda mti wa kudumu kwenye ardhi ya mtu huweza kutafsiriwa kuwa mnaanza kudai eneo. Ombeni ruhusa kwa maandishi. Na kama pana mwembe uliokuwepo kabla ya nyumba kujengwa, ulizeni embe ni za nani kabla hazijaiva.